Bibi Arusi Yuko Buffalo

"Ulijiita nani kwenye simu?"

Séphora hakusalimia. Alikuwa ameendesha gari kutoka Buffalo hadi Northland, Columbus, akamkuta mchumba wake Salomon mlangoni akifunga viatu vya kwenda kazini kwenye ghala.

"Bonjour kwanza."

"Bonjour yako uweke! Okestra wameniita. Wanasema mume wangu amepiga simu, eti sitapiga violon msimu huu. Niko na mume gani mie?"

Salomon akacheka. Kijana huyu alijipenda kupita kiasi, na hata alipokosea alijiona amekufanyia hisani.

"Bon, ni mimi. Ufunguzi wa msimu ni Jumamosi. Dot yetu, siku ya mahari, ni Jumamosi hiyohiyo, kwa Papa yako Louisville. Donc nilikurahisishia."

"Hiyo tarehe uliichagua wewe, na ulijua!"

"Nilijua. Sitaki bibi wa kuzunguka na violon kila wikendi kati ya wazungu."

"Salomon, siku ya mtihani wa kuingia okestra walituweka nyuma ya pazia. Hawakuniona sura, hawakujua natoka Bukavu. Walisikia tu, wakasema huyu. Kile kiti ni changu."

"Kilikuwa chako."

Séphora akapiga simu palepale, spika wazi. Mama wa ofisi ya okestra akajibu kwamba kiti bado kipo, ila asipofika mazoezini kesho kitapewa mwingine.

"Jumamosi utakuwa chini ya kitenge, kimya," Salomon alisema. "Papa yako hatakubali aibu."

Séphora akawasha gari kurudi Buffalo. Njiani alimpigia shangazi yake Nzigire, akalia, akamweleza yote.

Jumamosi ikafika. Sebuleni kwa Papa Bagula, baba yake Séphora, Louisville, ndugu wa Salomon waliimba mpaka majirani wakachungulia. Wasichana watatu wakaletwa wamefunikwa vitenge kuanzia kichwani, ili bwana arusi amtambue wake. Salomon, kifua mbele, akaenda moja kwa moja kwa wa katikati, akamfunua.

Alikuwa Grâce, mdogo wake Séphora.

Akafunua wa kwanza: Rakeli wa kwaya. Akafunua wa mwisho: binti wa jirani.

"Bibi arusi yuko wapi?"

"Yuko Buffalo," shangazi Nzigire akajibu.

Vigelegele vikapasua nyumba! Ndiyo desturi: mashangazi husema bibi arusi yuko mbali, upande wa bwana utoe nauli. Salomon akacheka, akarusha noti kwenye sahani.

"Nauli ile pale, shangazi. Apande ndege!"

"Mimi sichezi, mwanangu."

Akainua simu, spika wazi. Nyuma ya sauti ya Séphora zilisikika violon nyingi zikirekebishwa sauti.

"Papa, unisamehe. Salomon alipigia okestra simu, akajiita mume wangu, akataka kunitoa kazini. Bila dot."

Vicheko vikakatika. Papa Bagula akasimama.

"Ulijiita mume wa mtoto yangu? Nani alikupa yeye?"

"Papa, ilikuwa façon ya kusema tu..."

"Sasa leo ulikuya kuomba nini, kama ulishajipa?"

Salomon akaigeukia simu, jasho likimtoka. "Séphora, unaniaibisha mbele ya famille yote!"

"Tangu tupendane hujaniambia hata siku moja, nipigie violon nisikie. Hata leo hutasikia."

Simu ikakatwa. Hakuna aliyemtetea, hata mama yake mzazi. Papa Bagula akaichukua ile sahani ya noti, akamwekea Salomon mkononi.

"Nauli yako hii. Columbus ni mbali."