Programu ya Kutambua Sura

Jioni hiyo Watiri alikuwa ametoka kupeleka maziwa kwenye gari la deri. Alirudi na mkebe mtupu mkononi, akamkuta Muriithi sebuleni amepiga magoti nyuma ya runinga, akivuta nyaya. Ukungu wa milima ya Aberdare ulikuwa umeshashuka hadi uani. Hakumsalimia. Aliweka mkebe jikoni, akarudi, akaketi. Ndivyo alivyokuwa siku hizi. Tangu wamzike mumewe Gicheru pale chini karibu na viazi, hakulia, hakucheka, hakukasirika. Wenzake wa kanisani walisema ana imani sana. Imani gani jamani? Mama wa watu alikuwa amekufa ganzi tu.

Muriithi, mtoto wa dada yake Watiri, humwita Tata, yaani mama mdogo, na ana duka la kompyuta Nyeri mjini. Alikuwa ameichukua kompyuta kuukuu ya marehemu na kuiunganisha na diski mbili kubwa, ili picha zote za nyumba hii zikae mahali pamoja na kila simu ya hapa iweze kuzifungua. Seva, aliiita. Kabla ya kuanza alimpa Watiri programu mbili achague. Moja ni ya kuweka mafaili na kuyatoa, basi, kama stoo ya viazi. Nyingine inazipanga picha kwa sura za watu. Zote za bure. Watiri angechukua ile ya stoo, lakini Sophie, mke wa mwanawe Mwai, alitaka picha za mtoto wake mchanga ziwe pamoja. Watiri akasema sawa. Siku hizi alikuwa akisema sawa kwa kila kitu.

"Tata," Muriithi alinong'ona. "Kuja uone kitu."

Kwenye skrini, programu ilikuwa imepanga sura za watu wa nyumba. Mtoto. Sophie. Mwai. Watiri mwenyewe.

Na Gicheru.

"Si hizo ni picha zake za zamani," Watiri alisema.

"Hapana, Tata. Diski yake sijaiweka bado. Hizi zimetoka kwa simu ya Sophie." Muriithi aliangalia tarehe tena. "Zote amezipiga baada ya mtoto kuzaliwa. Mzee tulikuwa tumeshamzika."

Alifungua ya kwanza. Mtoto anaogeshwa kwenye karai. Nyuma, mlangoni, mwanamume wa koti la kahawia. Lile lile walilomzika nalo.

Ya pili. Mtoto amelala kitandani, na mwanamume amesimama kando ya dirisha... ndani ya chumba.

Ya mwisho ilipigwa mchana huo huo.

Mkono wake ulikuwa chini ya shingo ya mtoto.

Feni ya kompyuta ilivuma, ikapanda, ikanyamaza ghafla. Harufu ya dawa ya kupe ilijaa sebule, ile aliyokuwa akirudi nayo Gicheru kila alipotoka kuogesha ng'ombe. Ng'ombe wenyewe hawajaogeshwa tangu msiba. Watiri aliitafuta hofu kifuani mwake, asiipate. Alijua tu mzee anataka nini.

Huku kwetu kijana wa kwanza huitwa jina la baba ya baba yake. Hakuna kuuliza. Ndiyo njia ya aliyekwenda kurudi nyumbani kwake. Lakini Gicheru alikuwa na mkono mzito, na Mwai alikua akimwona mama yake akipigwa. "Hilo jina haliingii kwa nyumba yangu," alisema, akampa mtoto jina la baba ya Sophie, Peterson. Wamama waliokuja kumwona mtoto walitazamana, wakamaliza uji wao, wakaaga. Watiri alijifungia chooni akashukuru Mungu. Lilikuwa jambo la pekee lililomgusa tangu mazishi.

"Hii programu huwa inakosea," Muriithi alisema, lakini hata yeye hakujiamini. "Acha niitoe, niweke ile ingine. Hiyo haiangalii sura. Inaweka picha tu."

"Na yeye atatoka?"

Muriithi aliondoa mkono kwenye kipanya.

"Hatatoka, Tata. Itafanya tu tusimuone."

Mtoto alianza kulia jikoni, alikokuwa na mama yake. Kilio chembamba, cha kukatikakatika... kama kuna kitu kinamkaba. Sophie alisikika akimbembeleza. Kwenye skrini kikafunguka kidirisha kidogo chenye sura mbili. Kushoto Gicheru. Kulia mtoto.

"Inataka nini?"

"Inauliza kama hawa ni mtu mmoja." Muriithi alisogeza kiti nyuma. "Tata, wacha. Usiguse."

Watiri aliusikiliza mkono ule ukifanya kazi jikoni. Asipopewa jina kwa mtoto, atamchukua mtoto. Hesabu ilikuwa hiyo tu, na haikumuuma hata kidogo. Alinyoosha kidole, akabonyeza.

Ndiyo.

Kilio kikakatika.

Muriithi alirukia zile picha, akazifungua moja baada ya nyingine. Mlangoni hakuna mtu. Dirishani ni pazia tu. Mtoto alikuwa amelala peke yake, shingo huru.

"Ameenda," alinong'ona. "Tata, ameenda kweli."

"Nionyeshe za Peterson."

Muriithi alitafuta. Akatafuta tena. Jina la Peterson halikuwa na picha hata moja. Picha zote za mtoto, hata ile ya hospitali aliyopigwa akiwa bado na damu kichwani, zilikuwa chini ya Gicheru. Alijaribu kuzitenganisha. Programu ilikataa.

Sophie aliingia amembeba mtoto, jasho usoni, akitabasamu kwa uchovu.

"Mum, hebu mshike. Alikuwa analia sana, sasa amenyamaza tu hivi. Ati ananiangalia kama hanijui."

Watiri alimpokea. Alikuwa mzito kuliko asubuhi. Mtoto aligeuza kichwa polepole, akamtazama bibi yake bila kupepesa. Watiri akajikuta ameinamisha macho, kama alivyokuwa akifanya miaka yote ya ndoa.

"Pole, mzee," alisema kwa sauti ya chini. "Chai yako inakuja sasa hivi."

Sophie alicheka. Kila cucu, kila bibi wa huku, humtania mjukuu wake kwa kumwita mume wangu. Alifurahi kwamba mama mkwe wake, baada ya muda wote huo, ameanza tena kufanya mzaha.