Mistari ya Kikapu cha Mama Layla

"Mama, usinunue hiyo. Ukiifua mara moja tu, itapaka rangi nguo zote za nyumbani."

Aliyesema hivyo alikuwa Swabra, mshonaji wa mtaa wa Yoba, katikati ya msongamano wa soko la Gitega, mtandio wa rangi ya papai mabegani. Mteja akaachia kitenge, akaenda zake. Mwenye meza, Othmani, kijana mrefu aliyeleta vitambaa kutoka Muyinga, akamgeukia Swabra.

"We dada, mi nimekukosea nini? Unanifukuzia wateja!"

"Nimemwokoa."

"Bon, sawa. Nionyeshe isiyochuja, nitaleta hiyo peke yake."

"Kwa nini?"

"Ili urudi kesho."

Alirudi. Na kesho yake tena.

Siku hizo Swabra alikuwa na cherehani moja, na hakumshonea mtu asiyemjua. Alimkalisha mwanamke, akamuuliza habari za kwao, kisha akachora nakshi za shingo kwa chaki mbele yake. Nakshi zile zilikuwa za mwanamke yule tu. Mapenzi yalipokolea, Othmani akamtajia fundi wa mashine ya kudarizi kule Muyinga. Swabra akaanza kutuma picha za nakshi kwa simu. Othmani akizipokea, fundi anazitoa nyingi kwenye magauni, yanauzwa. Cherehani zikaongezeka. Maswali yakapungua. Wateja wakawa wanatuma vipimo tu.

Kisha akaja Layla, bibi harusi wa Muyinga, amekumbatia agaseke, kikapu chenye kifuniko kilichochongoka. Marehemu mama yake ndiye aliyekisuka.

"Dada Swabra, nataka mistari hii siku yangu ya hina. Mama awe karibu nami."

Swabra aliidarizi kwa mkono, uzi mweusi juu ya hariri ya rangi ya maziwa. Alipomaliza moyo ulimjaa, akapiga picha, akamtumia Othmani bila neno lolote.

Simu ikalia hapohapo. "Sheri, hii ni kali! Franchement, kusema kweli, mi nimeipenda."

"Nilijua utaipenda, roho yangu."

Hawakusema zaidi ya hayo.

Siku ya hina Swabra alikuwa Muyinga, akifunga vifungo vya gauni la Layla. Uani kulinukia udi na pilau. Wageni wawili wakaingia wakicheka, na shingoni mwao, kwa uzi wa mashine, ilikuwa ileile mistari ya kikapu.

Layla aliwatazama. Kisha akamgeukia Swabra.

"Mama yangu iko anauzwa sokoni?"

Swabra alikimbilia soko la Muyinga, ambako Othmani alikuwa na meza siku hiyo, akafika anahema. Magauni yalikuwa yananing'inia, nakshi ya shingo ya Layla kwenye kila moja.

"Othmani! Umefanya nini?"

"Karibu, sheri. Umeona zinavyokwenda?"

"Ile ilikuwa ya Layla! Ya mama yake, mtu aliyekufa!"

Tabasamu la Othmani likafutika. "Mais, lakini we ndiye ulinitumia."

"Nilikutumia uone! Vile mtu anamwonyesha mpenzi wake."

"Swabra, picha zote unazonitumia tunazitoa. Zote. Ningejua vipi kama hii peke yake ilikuwa ya mapenzi?"

Swabra aliushika upindo wa gauni moja, akauachia. Nani aliyemzoesha hivyo? Ni yeye mwenyewe.

"Basi tusijuane tena," alisema, na maneno yakamuuma kuliko alivyotaka. Akaondoka.

Aliporudi uani kwenye hina, Layla alikuwa amevua gauni, amekaa na kanga. Swabra akapiga magoti.

"Nisamehe. Kosa ni langu, si la mwingine. Niambie ulitaka nini kwa mama. Safari hii nakusikiliza."

Layla aliligusa gauni kwa mkono ambao hina yake ilikuwa imeanza kukauka.

"Nilitaka anisikie moyo ukipiga," alisema. "Ifumue shingoni. Iweke ndani, hapa kifuani, nijue mi peke yangu."

Swabra alikuwa bado anashona pale mlango wa ua ulipobishwa. Othmani, vumbi hadi kwenye kola ya shati, na furushi kubwa begani.

"Nimezitoa zote mezani. Wateja wangu wawili walioalikwa hapa nimewakuta nje, nikawaomba, wamenipa zao, nikawapa nyingine." Akakaa chini, mbali kidogo na Swabra. "Fundi nimemwambia aache. Nipe wembe, nifumue."

"Hujawahi kushika hata sindano."

"Nifundishe."

Alijikata mara ya kwanza, akanyonya kidole, akaendelea. Swabra alimtazama, kisha akatoa simu, akampigia msaidizi wake Gitega.

"Shakila? Wale waliotuma vipimo, waambie waje wenyewe. Wasioweza, watafute mshonaji mwingine. Ndiyo, hata wale wa oda kubwa."

Alipokata, Othmani alikuwa ameinamia uzi.

"Wateja watapungua," akasema.

"Watapungua."

"Na mi? Mi pia nimepungua?"

Swabra alikata uzi kwa meno. Ndani ya gauni mistari ya kikapu ilikuwa imekamilika, na Layla tayari alikuwa amenyoosha mikono kuvikwa.

"Jumapili baba yangu atakuwa nyumbani Yoba," Swabra alimwambia Othmani bila kumtazama. "Njoo na wazee wako. Na ufunge hicho kidole, usije ukamtia baba damu mkononi."