Kinywa cha Shamte

Siku hiyo nzi hawakuja. Katika banda la tembo la mnazi la Bi Kidawa, Chole mjini, kisiwani Mafia, zama za Mdachi, nzi walikuwa wengi kuliko wanywaji. Walitua mtungini, walitua ukingoni mwa kata ya kifuu, walitua hata midomoni mwa waliolewa. Shamte bin Mfaume, aliyekuwa mwaka wa sita akiwatilia watu tembo hapo, alifunua mtungi baada ya adhuhuri akaliona tembo jeupe, linatoa povu, na juu yake hapana hata nzi mmoja.

"Leo umelisomea Yasini nini?" alitania Mbaraka seremala. "Hata nzi wanalikimbia!"

Shamte alicheka, akateka. Kabla ya kumpa alipiga funda moja mbele ya macho yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya kazi: mtiaji huonja kwanza, mnywaji aone kuwa hamna sumu wala uchawi. Kwa siku alionja kata hamsini. Wala hakusema Bismillahi, kama wenzake wote wa kazi ile. Chakula husomewa, maji husomewa. Lakini tembo ni haramu, na kulitajia jina la Mungu walikuona kuwa ni dhambi kubwa kuliko kulinywa. Kwa hiyo alinyamaza, akaonja.

Mbaraka aliipokea kata, akaitazama.

"Shamte, umekunywa nusu nzima."

"Nimeonja tu, fundi."

"Kuonja gani huku? Nimetaka kata ya tembo, si kata tupu ya kukung'uta!"

Watu wakaangua kicheko. Shamte hakucheka. Alikuwa amepiga funda moja, na hilo funda hakulisikia likishuka kooni.

Akateka nyingine. Safari hii aligusisha midomo tu. Tembo likashuka ndani ya kata mbele ya macho yake, kama maji yanavyoshuka katika mchanga, na midomo yake ikabaki mikavu.

Alimwambia Bi Kidawa kuwa kichwa kinamwuma, akaenda nyumbani.

Mkewe, Biubwa, alikuwa na siku kumi na moja tangu ajifungue, hajatoka chumbani. Alimpokea kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa na mwingine.

"Baba Mwanahalima, humu mnanuka tembo."

"Ni nguo zangu hizi."

"Nilianza kuisikia wewe hujaja. Njoo karibu. Harufu inatoka kwa mtoto."

Shamte akainama. Pumzi ya kile kichanga ilikuwa ya tembo lililolala, kali, chachu. Utosi wake ulikuwa umebonyea, na ngozi ya mikono imelegea kama ya mzee.

"Ananyonya tangu alfajiri," Biubwa alinong'ona. "Maziwa yanatoka, nayahisi yakitoka, na yeye anazidi kukauka. Tena, mume wangu, usinione nina wazimu. Nahisi vinywa viwili."

Kabla Shamte hajajibu, mtoto aliliachia titi, akageuza shingo ambayo bado haikuwa na nguvu ya kugeuka, akamtazama baba yake sawasawa kama mteja anavyomtazama mtiaji, na katika kile kinywa kisichokuwa na jino ikatoka sauti nzito ya mtu mzima, ya mlevi aliyekwishazoea kupewa, ikasema:

"Tia."

 Biubwa alimkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi.

Shamte alikimbia kumwita Bi Mize, fundi wa pepo, mtu wa Jibondo aliyeolewa hapo mjini. Alimkuta anasuka ukili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Geuza uso, usinipulizie hilo tembo lako. Kuna nini?"

Alipokwisha kueleza, Bi Mize alikuwa ameshavaa kaniki yake. Alipoingia chumbani hakuchoma ubani. Alikaa kitako, akamtazama mtoto.

"Sisi Jibondo kisiwani maji matamu hatuna, tunaletewa kwa jahazi," alisema. "Kiu naijua. Hii si kiu ya mtu." Kisha akamwambia mtoto, "Wee, nani wewe?"

"Mnywaji."

"Nani aliyekukaribisha?"

"Huyo. Miaka sita tunakunywa pamoja. Asipotajwa Yule, kinywa ki wazi, naingia."

"Na kwa mtoto ulifikaje?"

"Alinipa mwenyewe, pamoja na tende. Tangu leo nanywa huku na kwake."

Shamte akakumbuka. Siku ile aliyozaliwa Mwanahalima, habari ilimfikia kata iko mdomoni. Alikwenda mbio, akapewa tende aitafune na kumpaka mtoto kaakaani, kama ilivyo sunna. Aliitafuna kwa kinywa hichohicho. Kwa furaha, hakusukutua.

"Rudi kwa mwenyewe," Bi Mize aliamuru.

"Huyo ataacha kazi, nife kiu. Huyu mdogo ana miaka mingi."

Mtoto alianza kukohoa kikohozi kikavu, na midomo yake ikapasuka, na Biubwa akawa anaipangusa kwa upindo wa kanga huku akisema mwanangu, mwanangu, na kila alipopangusa kanga ilirudi bila damu wala mate, kavu kama iliyoanikwa juani mchana kutwa. Bi Mize akamvuta Shamte pembeni.

"Atatoka kwa kukaribishwa tu. Uweke kinywa chako juu ya chake, useme karibu. Lakini sikiliza, mwanangu. Akiingia kwa kukaribishwa, mimi simtoi tena, wala hakuna amtoaye. Na lile Jina la Mungu hutaweza kulitamka. Si kwenye sahani, si kwenye sala, si siku ya kukata roho. Umenifahamu?"

"Nimefahamu."

"Usiseme, mume wangu," alilia Biubwa. "Tutafute fundi mwingine."

"Jua halijatua atakuwa amekufa," Shamte alisema.

Akapiga magoti, akakifunika kile kinywa kidogo kwa chake.

"Karibu."

Mtoto akalia, kilio chembamba cha mtoto. Akashika titi, na Biubwa akahisi kinywa kimoja.

Shamte alitia tembo kwa Bi Kidawa miaka kumi na minane mingine. Alikula peke yake, kimya, na msikitini hakuonekana. Watu walisema ni ulevi, naye hakuwakanusha.

Alipolala kufa, Mwingereza alikwishaichukua Mafia. Mwanahalima, sasa mke wa watu, alikaa kichwani pake na mwanawe mchanga mapajani, akainama sikioni.

"Baba, sema pamoja nami. La ilaha illa Llah."

Shamte alimtazama binti yake, akamtazama mjukuu. Koo lake likaanza kupanda na kushuka, kama la mtu anayemeza asichokiona. Midomo ikataka kufunguka, ikimwelekea yule mchanga. Akainua mikono yote miwili, akaifumba midomo yake kwa nguvu ambazo mgonjwa yule hakuwa nazo. Macho yalimtoka, jasho likamtiririka, na hakuachia, mpaka kifua kikatulia.

Waosha maiti walijitahidi kuibandua ile mikono wasiweze. Mmoja akataka maji ya moto.

"Iacheni," alisema Mwanahalima, naye ameshamtoa mwanawe chumbani. "Mzikeni hivyohivyo. Asifunguliwe."