Mikono ya Fundi

Jumamosi, tarehe 9 Machi 1974, ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote. Mama Fundi alifungua kibanda chake cha ushonaji, akapangusa cherehani mbili, yake na ya marehemu mumewe, kisha akaketi kupinda gauni la harusi la mteja. Pindo lilikuwa halijaisha alipofika mtumishi wa Daktari kumwita.

Tangu Novemba mjane huyo alikuwa na donge rohoni. Mumewe aliingia hospitali ya Daktari kwa miguu yake, kutibiwa ngiri, akatoka ndani ya jeneza lililopigiliwa misumari. Alipoomba angalau amshike mkono kwa mara ya mwisho, alijibiwa kwamba maradhi yale yaliambukiza. Ngiri, ya kuambukiza. Mkono aliouomba ulikuwa mkono wa fundi bingwa, ambaye kwake mkasi ulikuwa wa kitambaa tu. Uzi aliukata kwa meno, na mkewe alimgombeza kwa hilo maisha yao yote ya ndoa.

Daktari alimpokea kwa bashasha. Alikuwa na mgonjwa wa pekee, alieleza, ambaye nguo za dukani hazimkai, na Jumatatu angemwonyesha kwa mabingwa wenzake. Asingeweza kumtoa mbele yao amejifunga shuka. Akafungua chumba cha ndani.

Aliyeketi kitandani alikuwa na mabega ya mchukuzi, miguu ya mwendesha baiskeli, na masikio mawili yasiyofahamiana. Mishono ya shingoni ilikwenda kombo.

"Nani kamshona huyu?" aliuliza Mama Fundi.

"Mimi mwenyewe."

"Inaonekana."

Alinyoosha tepu yake. Ndipo mkono wa kulia ulipoinuka, polepole, ukafika shingoni kwake. Ukalaza ukosi wa gauni lake kwa kidole gumba. Ukaupigapiga.

Ndivyo mumewe alivyomfanyia kila asubuhi.

Alitazama kidole cha shahada. Kovu la sindano ya cherehani lilikuwapo, katikati ya ukucha.

Hakulia. Daktari, aliyechagua viungo vya watu kama mtu achaguaye nyanya, alikuwa amejitwalia mikono bora mjini. Kisha, kwa kiburi chake, akamwita mwenye nayo aje kuipima.

"Nimesahau miwani, Daktari," alisema kwa upole. "Nakuja sasa hivi. Vifaa vyangu naviacha, avishikeshike."

"Mama Fundi, huyo hana akili hata ya mtoto mchanga."

"Kushona si akili, baba. Ni mazoea."

Akaviweka mapajani mwa yule mtu: sindano, uzi, mkasi. Akainama juu ya ile mikono, akanong'ona.

"Mume wangu. Mteja wako ndiye huyu. Usimharakishe."

Akatoka. Ufunguo ulikuwa nje ya mlango. Akauzungusha. Mtumishi aliambiwa kwamba Daktari asisumbuliwe hadi Jumatatu.

Nyuma yake, mkasi ulianza kulia.

Mabingwa walimkuta Daktari kitini, amevaa suti iliyokatwa kwenye shuka. Ilimkaa barabara. Haikuvulika. Midomo yake ilifungwa kwa mshono wa kificho, safi kiasi kwamba bingwa mmoja alimwuliza swali akasimama kungoja jibu. Ncha ya uzi ilining'inia kifuani.

Kitandani palilala kiwiliwili kisicho na mikono. Haikuwa imekatwa. Ilikuwa imefumuliwa. Mkono mmoja waweza kumfumua mwenzake. Ni nani aliyeufumua wa pili, hakuna aliyeweza kusema.

Jumanne, tarehe 12, Mama Fundi alifungua kibanda. Kufuli lilikuwa zima. Gauni la harusi lilikuwa limetundikwa pale pale alipoliacha.

Pindo lilikuwa limekwisha.

Aliupitisha mkono wake juu ya mishono, mmoja baada ya mwingine. Aliijua yote. Ila uzi haukukatwa. Ulishuka hadi sakafuni, ukapita chini ya cherehani ya marehemu, mrefu, umelazwa vizuri, kana kwamba ulimngoja mtu mwenye meno.