Spana Namba Kumi

Kitu cha kwanza alichokiona Lusungu kilikuwa wekundu kidogo ubaoni.

Kila siku baada ya mafunzo, yeye na wenzake watano walirudisha vifaa kwenye ubao wa banda la ndege. Umbo la kila kifaa lilipakwa rangi nyekundu, na kifaa kikiwa mahali pake wekundu hauonekani. Walikuwa wanafunzi kutoka Ngonga na Makwale, waliokuja likizoni kujifunza misingi ya ufundi wa ndege. Leo zamu ya kuhesabu ilikuwa ya Lusungu, na spana namba kumi haikuwepo.

Alijipapasa kiunoni. Alipokuwa akimmulikia tochi Mwalimu Ambrose kwenye injini, aliichomeka spana ile kwenye pindo la khanga aliyojifunga juu ya ovaroli, kama mama yake anavyochomeka kisu cha kuvunia mpunga. Sasa pindo lilikuwa tupu.

"Lusungu, vifaa vimetimia?" mwalimu aliuliza kutoka nje.

Gwamaka, mmoja wa wale wenzake, akamnong'oneza huku akicheka, "Ukipoteza hata skrubu, dada, unarudi Ngonga kufukuza ndege wa mpungani. Hao ndio saizi yako!"

"Vimetimia, mwalimu," Lusungu akajibu. Hakujua sauti ile ilitoka wapi.

Nje, mgonjwa alikuwa akipandishwa kwenye ndege ileile waliyoitengeneza, mama mfinyanzi wa kule ziwani, akipelekwa hospitali kubwa. Mumewe alimshika mkono rubani. "Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana. Nifikishie mke wangu."

Lusungu akapekua chini ya meza. Akamwaga boksi la matambara. Hakuna kitu. Palibaki mahali pamoja tu, ndani ya injini. Akisema, atafukuzwa. Asiposema, yule mama yumo ndegeni.

"Kaeni mbali na panga la injini, nawasha!" rubani akapaza sauti.

Lusungu alitoka mbio, akipunga khanga juu ya kichwa.

"Msiwashe! Nimedanganya! Spana imebaki ndani!"

Rubani akaondoa mkono kwenye swichi. Mwalimu Ambrose alifungua kifuniko cha injini, akaingiza mkono hadi kiwiko. Alipoutoa, alikuwa ameshika spana namba kumi. Ilikuwa imelala kando ya fimbo inayoongoza mafuta, tayari kuikwamisha. Gwamaka hakucheka tena.

Walihesabu vifaa vyote mara mbili. Ndipo ndege ikaruka, ikaelekea juu ya milima. Lusungu aliitazama mpaka ikapotea, akingoja kuambiwa akusanye vitu vyake.

"Umekosa mara mbili," mwalimu alisema. "Kudondosha spana ni kosa la mkono. Kila fundi amewahi kulifanya, hata mimi. Kusema vimetimia wakati havijatimia, hilo ndilo kosa linaloua watu. Kumbuka, ukweli uliochelewa leo umefika kwa bahati. Kesho usitegemee bahati."

"Kesho? Hunifukuzi, mwalimu?"

"Kesho utahesabu wewe tena. Na khanga ibaki nyumbani."

Machozi yakamlenga Lusungu. Jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata mama yake, likamtoka.

"Mwalimu, mimi naogopa. Naogopa tangu siku ya kwanza nilipoigusa ndege ile."

"Anayeogopa huhesabu mara mbili," mwalimu akajibu.