Dawa Iliyompeleka Fundi Chooni

Kibarazani kwao palikuwa na kazi mbili. Upande mmoja fundi alishona nguo kwa cherehani. Upande wa pili mkewe alisuka nywele. Walitaniana mchana kutwa. Fundi alisema mkewe anavuta nywele za watu kama anayeng'oa magugu. Mkewe alijibu kwamba afadhali yeye, mteja wake hatoki na suruali yenye mguu mmoja mrefu.

Lakini fundi alikuwa mgonjwa wa ini. Homa ya ini ilimkaa miaka mingi bila yeye kujua, ini likawa gumu. Hospitali walimpa dawa ya maji, tamu, anywe kila siku. Dawa hiyo ilimpeleka chooni mara mbili tatu kwa siku. Mkewe alimwona akiacha shati mezani na kushika njia ya chooni, amekonda, suruali imeshikwa na mkanda tu. Moyo ulimuuma. Dawa gani hii ya kumkausha mtu? Akampunguzia. Mwishowe akaificha kabatini, akamwambia apumzishe tumbo. Alifanya hivyo kwa mapenzi.

Tumbo lilitulia kweli. Ila fundi akaanza kusinzia juu ya cherehani mchana, na usiku akakodoa macho. Mteja alikuja kuchukua suruali, akakuta mifuko imeshonwa magotini. Watu walicheka, wakidhani ni utani. Mkewe naye alicheka. Ndipo fundi akamgeukia, akamwuliza kwa adabu kabisa, "Samahani dada, wenye nyumba hii wako wapi?"

Kicheko kikamkatika. Aliacha kichwa cha mteja nusu, akakimbilia kwa jirani yao, muuguzi, aliyekuwa akifua nguo.

Muuguzi alikuja na povu mikononi. Alimwambia fundi anyooshe mikono mbele, viganja visimame kama anayezuia gari. Viganja vikawa vinaanguka na kuinuka, havitulii.

"Shemeji alipata choo lini?"

"Tangu juzi hajaenda," alisema mke. "Ile dawa nilimwachisha. Nilimwonea huruma."

"Dada, kumpeleka chooni ndiyo kazi yake. Chakula kikisagwa tumboni kinaacha sumu. Ini zima huiondoa. La shemeji limechoka. Sumu isipotoka na choo, inapanda kichwani. Hajarukwa na akili huyu, wala hajalogwa. Tumpeleke hospitali sasa hivi. Usimnyweshe kitu, atapaliwa."

Mke aliuliza jambo moja tu, kama mumewe atamjua tena. Muuguzi hakumdanganya. Alisema wengi hurudi wakiwahishwa, basi wawahi.

Wodini fundi alitibiwa, na mkewe alifundishwa kumtunza. Alimgeuza ubavu ngozi isichubuke. Alimfuta, alimbadilisha shuka, na safari hii kila choo alikipokea kwa shukrani. Siku iliyofuata fundi alifumbua macho, akamtazama mkewe nywele zilizotimka.

"Msusi mzima," alisema, "kichwa kimevurugika hivyo?"

Mke alilia, kisha akamwambia anyamaze.

Kabla hawajaruhusiwa kurudi nyumbani, yule jirani muuguzi alimweleza mke tena. Dawa asiiache mwenyewe. Fundi apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Kikiwa maji matupu, warudi wapunguziwe kipimo cha dawa. Siku ikipita bila choo, au akisinziasinzia na kuchanganyikiwa, au akitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, wakimbie hospitali. Pombe hapana. Dawa za usingizi hapana. Ale kidogo kidogo, na maharage na mayai asinyimwe.

Sasa cherehani inalia tena kibarazani, na mifuko inakaa kiunoni. Fundi hana haya hata kidogo. Hurudi kutoka uani akijifunga mkanda, akatangaza mbele ya wateja wote, "Mama, mara ya pili hiyo."

Wanaosukwa huinamisha nyuso kwa aibu. Mkewe hainui macho kwenye nywele.

"Nimesikia, mume wangu," humjibu. "Kaa unywe maji. Bado moja."