Ushuhuda wa Nathanaël

Jumamosi hiyo mchana, foleni ya watu waliokuja kutazama filamu fupi za Taiwan ilitoka mlangoni mwa ukumbi hadi kwenye meza za soko la Lewisham, London. Armelle, mhudumu wa wazee, alikuwa bado na sare ya kazi chini ya koti lake la manjano. Kijana mrefu, Nathanaël, alimkanyaga, akaomba radhi kwa Kiswahili cha Bukavu pasipo kufikiri.

"Na kama ningekuwa Mjamaika?" Armelle alimuuliza.

"Ningekukanyaga tena, dada, hadi unielewe."

Waliketi pamoja. Filamu ya tatu ilimhusu msichana wa Taipei ambaye baba yake amefutwa kazi kiwanda kilipofungwa, naye anamficha nyanya yake habari hiyo. Armelle alilia hadi taa zikawashwa. Baadaye, wakinywa chai, alimweleza Nathanaël jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Akiwa na miaka kumi na miwili, alikuwa mkalimani wa mama yake hospitalini. Daktari alisema baba hatamaliza siku mbili. Yeye akatafsiri kwamba baba anarudi nyumbani. Mama akaondoka naye kwenda nyumbani kumwandalia baba chumba. Baba akafa peke yake.

Walipendana miezi minane, wakipigiana simu kila mapumziko ya kazi, na Nathanaël akaanza kupanga posa. Kisha, Jumapili moja kanisani walikosali na mama yake Armelle, mtaa wa Thornton Heath, wakati wa ushuhuda, alisimama katika suti yake ya kijivu akasimulia kisa hicho chote. Hakutaja jina, alitaka Mungu asifiwe kwa ajili ya moyo wa mtoto yule. Waumini waliitikia amina. Katika safu ya pili, mama yake Armelle alifunga Biblia, akatoka.

Kwa wiki tatu Armelle hakupokea simu. Alipopokea, Nathanaël aliomba aje na wazee wake, aombe msamaha na kuposa.

"Usije, Nath."

"Nilikusifu, mpenzi wangu."

"Najua. Mama ameniuliza kama baba alimwita kabla hajafa. Nitamjibu nini? Sote wawili tulikuwa nyumbani, tunatandika kitanda."

Nathanaël alianza kuomba radhi.

"Nakupenda," Armelle alisema. "Lakini kila ukiingia mlangoni, mama atakuwa kanisani tena, siku ile."

Alikata simu, akaenda kuketi kando ya mama yake. Mama hakumtazama. Hakumfukuza pia.